Kifaru cha Pinki Jangwani Kawangware

Vita vyote vikubwa vya Sarang'ombe, mtaa wetu wa Kibra, vilipiganwa kitandani kwa Lazarus. Nalisema hili mwanzoni, na nalisema kwa heshima, asije mtu akadhani tulikuwa wakimbizi tangu zamani. Lazarus ni binamu yangu, mtoto wa baba mkubwa, na kazi yake ni kupuliza rangi magari yaliyogongwa katika gereji moja upande wa Olympic. Kila niliporudi kutoka shule ya bweni tulitandaza blanketi la kahawia juu ya kitanda chake, tukasukuma mito chini yake iwe milima, kisha tukapanga vifaru vyetu vya vita, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiberiti. Unapima kwa rula mwendo ambao kifaru kinaruhusiwa kwenda. Unarusha kete ujue kama kombora limempata adui. Ukipigwa, unaondoa kifaru chako bila kununa. Mchezo ndio huo, na tumeucheza tangu nilipokuwa darasa la sita.

Likizo ya Aprili nilirudi nikakuta uwanja wa vita umelaliwa. Ken, kaka yake Lazarus, alikuwa ametoka Homa Bay na kupata kazi ya uaskari wa usiku kwenye maghorofa ya Kilimani. Mchana kutwa alilala katikati ya milima yetu, mdomo wazi, akikoroma kama jenereta. Tulijaribu kupigana pembeni mwake mara moja. Ken akageuka, na kikosi changu chote cha magharibi kikaangamia chini ya goti lake. Sakafuni hapakuwa na nafasi. Chumba ni kimoja, na nusu yake ni jiko na mitungi ya maji. Kwetu je? Kwetu kuna mama yangu, ambaye hatambui jeshi lolote isipokuwa lake.

Mimi ningevumilia. Shuleni nina mambo mengi ya kunishughulisha, na si yote yanayojulikana na walimu. Lakini Lazarus hana bweni la kurudia. Wiki nzima ni bampa za watu wengine, na wenye bampa wanaosimama nyuma yake wakimwambia ile nyekundu si nyekundu yao. Jumapili baada ya kanisa ndiyo siku yake peke yake. Hakulalamika kuhusu Ken hata kidogo. Aliendelea tu kuchonga vifaru na kuvifunga kwenye gazeti chini ya kitanda, kama mtu anayeshona suti ya harusi ambayo amekwisha ambiwa haitakuwepo. Nilipoviona vile vifurushi nilijua kwamba lazima meza ipatikane kabla sijarudi shule.

Meza ilikuwa Kawangware.

Pale steji ya Kawangware 46, baba yake Isaac Shiundu ana karakana ya fanicha, na Jumapili mchana, msumeno ukishanyamaza, Isaac na wenzake hucheza vita juu ya meza ndefu ya kufanyia kazi. Ndio timu pekee ninayoijua yenye jangwa la kweli. Humwaga unga wa mbao juu ya meza yote, wakaukusanya kuwa vilima, wakatupa vipande vya ubao hapa na pale kama miamba. Ukitazama kwa jicho moja, unasikia kiu. Mwenyekiti wao na refa ni Bridgit Kageha, msichana wa chuo mwenye filimbi shingoni na sauti isiyohitaji filimbi.

Nilikwenda kuongea nao mimi, kwa sababu Lazarus akiwa mbele ya watu wapya hutazama viatu vyake. Bridgit alinisikiliza mpaka mwisho, akasema wageni wanakaribishwa, nusu ya meza ipo kila Jumapili mwaka mzima, ila kwanza wapite Macho.

Macho ni desturi yao. Mgeni analeta vifaru vitano vilivyopakwa rangi ya jangwa. Anavipanga mezani wenyeji wakiwa nje. Halafu nahodha wao anaingia, anasimama kwenye mstari wa chaki mlangoni, na Bridgit anahesabu mpaka kumi. Kila kifaru ambacho nahodha anakiona na kukionyesha kwa kidole kimekufa. Vikibaki vitatu ambavyo hakuviona, wewe ni mtu wa meza. Vikipungua, unarudi kwenu na kujaribu tena Desemba. Kufukia hakuruhusiwi, kifaru lazima kisimame juu ya jangwa kama kila kifaru mwaminifu.

Nahodha alikuwa Isaac, na Isaac amekulia ndani ya unga wa mbao. Aliniambia kwa upole mwingi kwamba timu moja ya Gatina ilikuja na vifaru vitano vya manjano, akavimaliza vyote Bridgit akiwa kwenye sita.

"Nne zingine alihesabu tu tusikie sauti yake," akasema. "Kibra mko na macho, lakini hamna mikono. Leteni."

Nilimshukuru, nikapiga chafya, na wakati wa kupiga chafya nikateka konzi moja ya jangwa lake na kuitia mfukoni.

Sasa nieleze jeshi letu, maana halikununuliwa. Kifaru cha Lazarus huanza kama patipati kuukuu, ndara ya mpira. Anakata soli kwa wembe, anachonga mwili, anakata kichwa cha mviringo cha kukaa juu, anachomeka kijiti cha pamba ya masikio kiwe mzinga. Magurudumu ni vifungo vya shati, na mnyororo ni ukanda wa tyubu ya baiskeli. Vinne vilitoka kwenye patipati nyeusi za wafanyakazi wa gereji. Soli iliisha kabla ya cha tano, nami nikatoa mhanga patipati yangu ya bafuni, ya pinki, ambayo pacha wake alitoweka bwenini nikiwa Kidato cha Kwanza na hajapatikana hadi leo. Lazarus aliitazama ile rangi kwa mashaka. Nikamwambia rangi ya ngozi si kitu, chini ya nguo wote tuko sawa.

Rangi ya jangwa ndipo nilipomwona binamu yangu akiwa fundi. Alimwaga ule unga wa Isaac juu ya karatasi, akaupeleka mlangoni kwenye mwanga, akaurudisha ndani kwenye giza, akaunusa sijui kwa nini. Kisha akachukua rangi ya mafuta, nyeupe ya maziwa, iliyobaki baada ya kupuliza gari la mtu, akaongeza tone la kahawia, tone la njano, na nyeusi kwa ncha ya kijiti. Akapaka kidogo kwenye ukucha wake na kuusogeza kwenye unga. Mara ya tatu ukucha ulipotea. Sikuona tena ulipoishia unga na ulipoanzia Lazarus.

Mimi nilikuwa na mchango wa kitaaluma. Mwalimu wetu wa Biolojia alitufundisha kwamba swala ana mgongo mweusi kidogo na tumbo jeupe, ili kivuli cha tumboni kisimchongee kwa chui. Kwa hiyo tukapaka vifaru juu kwa rangi iliyokolea na chini kwa rangi iliyofifia. Katikati ya minyororo nikasugua rangi ya viatu ya kahawia, ile ninayolazimishwa kuwa nayo shuleni, ikaingia kwenye kila mkunjo na kukaa kama vumbi la safari ndefu.

Rangi ya Lazarus iliishia kwenye kifaru cha nne. Cha tano, kile cha pinki, nilikipaka mimi mwenyewe kwa rangi ya maji iliyobaki Mama alipopaka ukuta wetu. Rangi ilifanana, nikaongeza ile ya viatu, ikafanana zaidi. Sikuona sababu ya kumsumbua Lazarus kwa jambo dogo. Rangi ni rangi, nilidhani, kama vile mtu anavyoweza kudhani kwamba maziwa ni maziwa hata yaliyochacha.

Kilichobaki kilikuwa mabaka. Jangwa si rangi moja. Lina vivuli na vipande, na kifaru kisicho na mabaka ni tofali tu. Lazarus alikuwa na kopo la kupuliza la kahawia, lakini ukipuliza lazima kwanza ufunike sehemu usizotaka zishike rangi. Kwenye magari hutumia gazeti na selotepu. Kwenye kitu cha ukubwa wa kiberiti, selotepu inatoa pembe, na jangwani hakuna pembe. Inatakiwa kitu laini, cha kufinyangwa, cha kushika kidogo na kuachia.

Nikasema ugali.

Lazarus akanitazama kama ninavyotazamwa na naibu wa mwalimu mkuu. Nikamweleza kwa utulivu. Ugali wa shule yetu hupikwa asubuhi na kuliwa jioni, na una nguvu ambazo sayansi haijazieleza. Kuna donge lake lililokwama kwenye dari ya bwalo tangu mwaka juzi. Aliyelirusha hajulikani, nami sina la kuongeza. Wanafunzi wapya huonyeshwa donge hilo kama mnara wa kumbukumbu. Ugali wa namna hiyo unafinyangwa kama udongo na kubanduka bila kuacha alama.

Tatizo lilikuwa kumfanya Mama apike ugali mbaya. Mama yangu hujivunia ugali wake kuliko anavyojivunia mimi, na ana haki. Nilimwomba apunguze moto, aongeze unga mwingi kwa pamoja, asisonge sana, na auache wazi upigwe na upepo. Akaniuliza kama shuleni wananifunza dharau ama nilizaliwa nayo. Mwishowe nilisonga mwenyewe, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, yeye akiwa amesimama mlangoni amegeuza uso kama mtu aliyeletwa kutambua maiti.

Ulitoka vizuri, yaani vibaya. Tukafinyanga mabaka, tukayabandika juu ya vifaru vyote vitano kama mawingu, Lazarus akapuliza kahawia kwa mkono ule mwepesi wake, pupu, pupu, kutoka mbali. Nilitaka tubandue papo hapo. Lazarus akakataa. Kwenye gereji ukibandua mapema unaharibu ukingo, akasema. Tuache rangi ishike, tubandue kesho baada ya kanisa. Nilikubali, maana yeye ndiye fundi. Na kwa vifaru vinne alikuwa sahihi kabisa.

Jumapili, tukiwa bado na nguo za kanisa, tuliketi kwenye ngazi ya nje ili tusimwamshe Ken. Kifaru cha kwanza kilibanduka kama ganda la yai. Chini yake kulikuwa na jangwa, na juu ya jangwa vivuli vya kahawia vyenye kingo laini. Lazarus alitabasamu, jambo ambalo hutokea kama kupatwa kwa jua. Cha pili hivyo hivyo. Cha tatu, cha nne.

Cha tano nilikibandua mimi. Ugali ulikuwa umelala usiku kucha juu ya rangi ya ukuta, na unyevu wake ulikuwa umeingiliana na ile rangi mpaka vikawa kitu kimoja. Donge lilipotoka lilitoka na rangi yote. Chini yake ikachungulia pinki. Nikabandua donge la pili, pinki. Mwishoni nilishika kifaru chenye mabaka matano ya pinki kali, safi, inayong'aa, juu ya kahawia ya kifahari. Hakuna jangwa duniani lenye mwonekano ule.

"Eddah," Lazarus akasema polepole, "hiki ulikipaka na nini?"

Nikamwambia. Hakunigombeza. Alitikisa kopo la kupuliza, likajibu kwa ukavu. Aliinua kopo la rangi ya mafuta, nalo lilikuwa limepanguswa mpaka chini. Gereji ilikuwa imefungwa. Nilisugua rangi ya viatu juu ya pinki, lakini mpira ule hauna mashimo ya kuishika. Iliteleza tu na kuifanya pinki ing'ae zaidi, kama midomo ya bibi harusi.

"Tuwaambie tutakuja Desemba," akasema. Akakunja gazeti vizuri. Kule kukunja kwake ndiko kulikonichoma. Angalipiga teke ngazi, ningalikaa kimya.

Nilisimama, nikatoa hotuba fupi. Kanuni inataka vitatu visionekane kati ya vitano. Tunavyo vinne ambavyo hata mimi nikiviweka kwenye unga navitafuta. Isaac ana haki ya kuona kimoja cha pinki. Akione, na Mungu ambariki. Tunaruhusiwa kupoteza kingine kimoja. Lazarus akasema Isaac hakosi kuona viwili zaidi. Nikasema twende tukaone. Nilimshika mkono wa shati la kanisa na kumvuta mpaka akachoka kuvutwa.

Tulivipanga kwenye trei ya mayai ili visigusane, tukatembea kwa miguu kupitia Jamhuri na Dagoretti Corner, Lazarus akiwa ameshika trei kwa mikono miwili. Wamama wawili njiani walitaka kujua bei ya mayai. Pale karakana Isaac alikuwa amekaa juu ya kiti kisicho na mgongo bado, akiwa na vijana watatu wa jeshi lake.

"Niaje Kibra," akasema. "Mnaleta vita ama mnaleta omleti?"

Bridgit aliwafukuza wote nje, akafunga mlango nyuma yao, akageuka kutazama ukuta, kama desturi inavyotaka.

Jangwa lilikuwa zuri siku ile. Walikuwa wamefanya vilima vipya na kutupa vipande vya mvule kuwa miamba. Lazarus alizunguka meza, akiinama mpaka shavu likakaribia unga, akatafuta mahali pa kila kifaru kama mtu anayelaza watoto. Kimoja alikiweka kwenye bonde, mzinga ukiwa sambamba na ukingo wa kilima. Kingine ubavuni mwa kipande cha ubao, kingine pale unga ulipokuwa na chembe kubwa. Cha nne kiliwekwa karibu na mlango, karibu kabisa, kwa sababu, alininong'oneza, mtu akisimama mlangoni hutazama mbali.

Cha pinki alitaka kukificha nyuma ya mwamba mkubwa. Nikamnyang'anya. Nilikipeleka kwenye kilima kirefu kuliko vyote, katikati ya meza, nikakiweka kileleni, mzinga ukiwa umeelekea mlangoni. Nilikipangusa kwa shali yangu kipate kung'aa.

"Eddah, unatuua."

"Natupa mfalme," nikamwambia. "Mfalme hukaa juu."

Bridgit aligeuka, akakiona, akafungua mdomo kusema neno, akakumbuka kwamba yeye ni refa. Akafungua mlango.

Isaac aliingia na kusimama kwenye chaki, mikono kiunoni, macho yamekunjwa, sura ya mtu aliyeitwa na serikali. Bridgit akasema moja.

Isaac akatazama jangwa. Jangwa nalo likamtazama, kwa pinki.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Mbili," akasema Bridgit.

"Chair, ngoja. Hiyo ni kifaru ama ni keki ya birthday?" Nyuma yake wenzake walikuwa wamepanda juu ya viti ili waone, nao walikuwa wameanza kulia kwa kicheko. Mmoja akauliza mishumaa iko wapi. Isaac akakionyesha kwa kidole, akiwa ameshika tumbo kwa mkono wa pili. "Hiyo imekufa. Hiyo ilikufa ikitoka nyumbani. Laza, buda, nani amekufanyia hivi?"

"Isaac, unatazama ama unahubiri? Nne."

Alijaribu kutazama. Nilimwona akijaribu. Aliyapeleka macho kushoto, kwenye bonde, na yakarudi kileleni yenyewe. Akayapeleka kulia, yakarudi. Ndivyo jicho lilivyo. Ukilipa kitu cha kuchekesha halitaki kufanya kazi nyingine. Bridgit aliposema sita aliacha kucheka na kuanza kuogopa. Akaonyesha mwamba mmoja, na ulikuwa mwamba. Kwenye nane akakipata kimoja, kile cha chembe kubwa, kwa sababu kifungo cha gurudumu kilishika mwanga. Kwenye tisa kidole chake kilikuwa kinatembea hewani kama cha mtu anayetafuta swichi gizani. Filimbi ikalia.

Viwili. Lazarus alinitazama, nami nikatazama dari, maana kushangilia ni kukosa adabu.

Isaac hakukubali, na ningalimdharau kama angekubali. Alisema ule ni mchezo wa pembeni. Kanuni inasema vifaru vitano vilivyopakwa rangi ya jangwa, na kile kitu pale juu hakijapakwa rangi ya jangwa lolote, kwa hiyo tulileta vinne, na aliyeleta vinne hakupita Macho, bali hakuyafanya kabisa. Lilikuwa jambo zito. Bridgit aliweka filimbi mfukoni, akamgeukia Lazarus kama nahodha, akamuuliza ile pinki ni rangi ya jangwa au sivyo.

Nilijibu mimi. Nilisimama wima nikasema kwamba kuna majeshi yaliyowahi kupaka magari yao pinki jangwani, kwa sababu jua linapochomoza mchanga huwa na rangi hiyo. Jambo hili nililisoma maktabani na ni la kweli, lakini hakuna ukweli unaopita usoni mwangu ukafika salama. Bridgit akatikisa kichwa.

"Nimemuuliza yeye," akasema.

Lazarus alitazama viatu vyake. Nilimwombea kwa moyo wote aseme ndiyo. Neno moja dogo, na Jumapili za mwaka mzima zingekuwa zake. Akainua kichwa.

"Hapana. Tulitaka iwe kama zile zingine. Tulifunika mabaka na ugali, na ugali iling'oa rangi. Ilikuwa patipati ya Eddah ya kuogea."

Mtu mmoja akarudia neno "ugali" kwa sauti ya chini, na karakana yote ikaanguka. Bridgit mwenyewe alishika ukingo wa meza. Isaac peke yake hakucheka. Alikuwa amekunja uso.

"Zile zingine," akasema. "Kama gani? Ziko wapi?"

Akauacha mstari wa chaki na kuja mezani. Aliinama juu ya jangwa lake mwenyewe, kwenye meza ya baba yake, akatafuta. Alizunguka upande mmoja. Akakipata cha kwanza kwenye bonde alipokuwa karibu kukigusa kwa pua. Cha ubavuni mwa ubao alikitambua kwa kukigusa, akidhani ni kipande kingine cha mvule. Cha tatu hakukipata. Alizunguka meza tena, akaegemea kwa kiganja karibu na mlango, akasikia kitu chini ya kidole gumba. Kilikuwa pale pale alipokuwa amesimama muda wote, umbali wa mkono.

Akakiokota, akakipeleka dirishani. Akakigeuza tumbo juu, akaona lilivyofifia. Akachukua unga kidogo, akaumwaga juu ya mgongo wa kifaru, akakodoa.

"Hii rangi mlinunua wapi?"

Lazarus akasema alichanganya mwenyewe, kwa jicho.

"Manze," akasema Isaac kwa heshima. "Sisi tunakata selotepu kutoka asubuhi mpaka vidole vinauma, na bado zinatoka kama punda milia." Akamrudishia kifaru, akamtazama Bridgit. "Chair, andika vitano. Hiyo ya keki ilipakwa. Si ilipakwa? Rangi ilikuwa juu, ikatoka. Kanuni haisemi rangi ikae mpaka lini."

Bridgit alisema kanuni kweli haisemi, ila kuanzia wiki ijayo itasema. Akatoa uamuzi wake kwa sauti ile isiyohitaji filimbi: Kibra ni watu wa meza.

Lazarus alipiga chafya, na ilikuwa chafya ya kweli, ya unga wa mbao, ikasogeza kilima kizima upande wa adui.

Tulicheza papo hapo. Lingekuwa jambo jema kusimulia ushindi, lakini mwanahistoria hana budi kuwa mkweli. Tulizoea kupigana tukiwa tumepiga magoti kandokando ya kitanda, hatukujua la kufanya na meza ndefu kiasi kile. Kifaru cha pinki kilishambuliwa na bunduki zote za Kawangware kwa pamoja, na kwa muujiza wa kete kiliishi kuliko vingine vyote, kikizunguka kileleni peke yake huku Isaac akikitukana kwa Kiluhya. Tulipigwa kabla chai haijapoa. Tukaomba turudie, tukapigwa tena. Sijawahi kumwona binamu yangu akipigwa kwa furaha namna ile. Kufikia mechi ya tatu alikuwa anamjibu Isaac, tena kwa maneno ambayo sikujua kama anayo.

Jua lilipoanza kuinama, Bridgit akasema watu waende nyumbani, asubuhi kuna kazi. Tukafagia jangwa ndani ya gunia. Lazarus alirudisha vifaru kwenye trei kimoja kimoja, akavihesabu kwa macho, akaishika trei kifuani, akasimama. Nilikuwa nimefika mlangoni. Alikuwa bado amesimama pale pale.

"Ni mbali kubeba," akamwambia Bridgit. "Nikiviacha hapa mpaka Jumapili, vitasumbua?"

Bridgit alipanda juu ya benchi, akasukuma makopo ya vanishi upande mmoja wa rafu, mpaka pakawa na nafasi ya trei nzima, akanyoosha mikono chini kuipokea.